Ng'ombe Mwekundu kwenye Majani Mabichi

Hermani Qamara alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika shamba moja la ngano la serikali, kwenye uwanda wa Hanang, na mwaka ule wa themanini na sita ungemuuliza mtu yeyote wa kambi ya wafanyakazi Hermani ni mtu wa namna gani, angekuambia ni mtu wa mpangilio mpaka anachosha. Bolti zake zilikaa kwa ukubwa, mikanda kwa urefu, na kila kitu kilikuwa na namba. Hata ndoo ya kuogea ya nyumbani kwake ilikuwa na namba. Dereva wa kombaini ya kuvunia akija mbio kuchukua beringi bila karatasi, anarudishwa, hata kama wingu limekwisha kutanda na ngano bado iko shambani. Watu walimcheka, ila kwa kisogo, kwa sababu lilikuwapo neno moja ambalo Hermani hakuweza kulivumilia hata kwa utani. Ukimwita mzembe, humpati tena kwa wiki nzima.

Neno hilo alikuja nalo kutoka kwao Nambis, kule juu Mbulu. Alipokuwa na miaka tisa baba yake, mzee Qamara, alimkabidhi ng'ombe sita awachunge pembezoni mwa msitu. Mmoja alikuwa mwekundu, mwenye mimba kubwa, tegemeo la maziwa la nyumba nzima. Jioni moja ya masika Hermani alirudi na watano. Alipoulizwa yule mwekundu yuko wapi, akajibu, "Sikumwona, baba." Alikuwa amemtafuta mpaka miguu ikachubuka. Asubuhi yake walimkuta, au tuseme walikuta kile ambacho fisi walikibakisha, kwenye majani mabichi kando ya njia ileile ambayo mtoto alipita mara mbili akimwita. Na mtoto wa jirani, Sebastiani, akasema bila ubaya wowote kwamba yeye alimwona amelala pale tangu saa kumi, akadhani Hermani naye anamwona.

Sasa mtu mwenye macho mazima anapitaje hatua ishirini tu kutoka kwa ng'ombe mwekundu asimwone? Mzee Qamara alimchapa, na viboko vile vilipona kwa wiki moja. Kisichopona ni kwamba alimnyang'anya fimbo ya kuchungia mbele ya majirani waliokuja kutoa pole, akampa mdogo wake Patriki, akasema, "Huyu ni mzembe, tena anaongopa." Hermani akapelekwa shule ya misheni akae bweni. Watu wa Nambis walimpongeza kwa bahati hiyo. Mwenyewe alijua amefukuzwa.

Ndiyo asili ya zile namba. Mtu akishaitwa mzembe na baba yake mbele ya kijiji, hawezi tena kuiacha ndoo bila kuiandika.

Na picha? Picha alianza nazo kambini hapo, kwa kamera aliyoinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama. Zilikuwa nyeusi na nyeupe, naye alizisafisha mwenyewe nyumbani, kwenye chumba kidogo cha nyuma alichokiziba mwanga kwa mablanketi mawili. Mkewe Perpetua alilalamika kwamba familia inalala na baridi ili picha zilale na giza, lakini alilalamika huku akicheka. Picha zilitoka safi. Kipaimara, ubatizo, mtu na baiskeli yake mpya, wote walikwenda kwa Hermani.

Halafu akaja mtaalamu mmoja kutoka Kanada, aliyekuwa akifundisha mafundi wa kombaini, naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa picha. Alipomaliza mkataba wake hakutaka kubeba mzigo, akamwachia Hermani mashine ya kukuzia picha za rangi, chupa za dawa, kopo la plastiki la kuzungushia karatasi ndani ya dawa, boksi moja la karatasi, na daftari. Jumamosi mbili nzima alikaa naye kwenye chumba kile akimfundisha.

Mashine ilikuwa na taa juu, na kando ya taa vifundo vitatu: cha manjano, cha wekundu, cha buluu. Rangi ikizidi kwenye picha, unaiongeza hiyohiyo kwenye mashine, nayo inapungua kwenye picha, jambo ambalo humchanganya kila anayeanza. Dawa lazima iwe na joto lake, halizidi wala halipungui, na Hanang mwezi wa saba ni baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Kwa hiyo Perpetua alikaa nje ya mlango na jiko la mkaa na beseni la maji ya moto, akiyapunguza na kuyaongeza kwa amri kutoka gizani. Mzungu aliandika kwenye daftari namba za vifundo vyote vitatu kwa ajili ya boksi lile.

"Kila boksi lina namba zake," alimwonya kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Boksi jipya, unaanza upya. Hapo daftari halikusaidii. Ni jicho lako tu."

Hermani aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, ila hilo la jicho hakuliandika.

Boksi la kwanza lilimpandisha chati. Nyekundu ilikuwa nyekundu, uso wa mtu ulikuwa uso wa mtu. Mtu akipokea picha anaishika kwa kingo, anaita wenzake. Watu walitoka Katesh, walitoka hata Dirma, kuja kupigwa picha za rangi kwa mtunza stoo wa shamba la ngano. Hermani akaanza kutembea kifua mbele kidogo, na mimi simlaumu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasifiwa kwa jambo linalohitaji kuangalia.

Kisha boksi likaisha. Jipya lililetwa na dereva kutoka Arusha, na Hermani akaanza upya kama alivyofundishwa: akakata karatasi vipande vyembamba, akajaribu namba hizi na zile, akavipanga mezani, akachagua kile alichoona kinafanana na mtu. Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya Konsolata, binti wa mlinzi wa getini. Perpetua aliziona picha zikikauka kwenye kamba.

"Baba Alfredi," alisema, kwa sababu mtoto wao wa kwanza ni Alfredi, "huyu bibi harusi mbona amekaa kijani?"

"Kijani wapi?"

"Usoni. Na gauni kwa huku chini."

"Wewe na rangi mmejuana lini?" Hermani akamjibu, tena kwa ukali, kwa sababu sikio lake lilikuwa limesikia neno ambalo mkewe hakulitamka. "Nimejaribu vipande saba. Saba! Au unaona nimefanya kizembe?"

Perpetua alirudi kwenye jiko lake, na kuanzia siku hiyo hakusema tena neno juu ya rangi ya picha yoyote. Alichemsha maji, akatoa maji, basi.

Mama yake Konsolata alipokea picha kwa mikono miwili. "Asante sana, baba. Nzuri sana." Ndivyo walivyo watu wetu wa huku: kazi ya mtu huisemi vibaya usoni pake. Unashukuru, unaifunga kwenye kitambaa, unaiweka chini kabisa ya sanduku. Wote walifanya hivyo, mmoja baada ya mwingine, na Hermani akaenda zaidi ya miezi sita akiwatia watu ukijani wa ndizi huku akiambiwa asante.

Lakini hakuwa mjinga. Aliona wateja wanapungua. Siku moja alialikwa chai kwa mlinzi, akatafuta ukutani picha ya harusi, akakuta kalenda ya mwaka uliopita. Roho ikamuuma. Akaanza kutafuta kosa kama anavyotafuta beringi iliyopotea. Kwanza alilaumu jenereta, na hapo alikuwa na hoja: wakichomelea vyuma karakana, taa inafifia, na taa ikififia rangi inabadilika. Akahamia Jumamosi mchana, karakana ikiwa imefungwa na jenereta inavuta pampu ya maji tu. Hakuna kilichobadilika. Akalaumu maji, akaanza kukinga ya mvua na kuyachuja kwa shuka. Akalaumu dawa, akalaumu karatasi, akalihamishia boksi chini ya kitanda mahali penye ubaridi. Kila Jumamosi aliandika namba mpya, na kila Jumamosi kipande alichokichagua kilikuwa kibaya kwa namna ileile.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Gidamis.

Gidamis alikuwa mfugaji wa Kibarbaig kutoka Gendabi, mtu mzima, mrefu, mwenye shuka jeusi na fimbo ndefu. Alikuja na kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni.

"Shikamoo, mzee," Hermani akamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?" Alikuwa ameona picha kwa jamaa yake, mwanamke amevaa kitenge chekundu. Ile ilikuwa ya boksi la kwanza. "Nyekundu ile ilikuwa ya kweli. Mimi nataka hiyo. Nina ng'ombe."

Akamweleza. Mama yake alipoolewa, hakukubali kuingia nyumbani kwa mume mpaka apewe ng'ombe, kama ilivyo desturi yao, na mmoja aliyepewa alikuwa mwekundu. Ng'ombe yule akazaa mwekundu, naye akazaa mwekundu, mpaka huyu wa sasa. Huyu amezaa madume matupu, na amezeeka, hazai tena. Mama alikwisha kufa zamani. Ng'ombe huyu akifa, ule wekundu umekwisha duniani.

"Nyeusi na nyeupe siitaki," Gidamis alisema. "Umbo ninalo kichwani. Ninachotaka ni ile rangi yake."

Hermani akaenda Gendabi, akaelekezwa ng'ombe aliyesimama mbele ya zizi, akapiga. Jumamosi akasafisha. Gidamis akaja, akaishika picha, akaitoa nje kwenye jua, akairudisha mezani.

"Huyu si ng'ombe wangu."

Hermani alipigwa na butwaa. Katika kazi yake yote hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. "Mzee, ndiye. Tazama pembe."

"Pembe ni zake. Rangi si yake. Huyu amevaa majani."

Akarudia. Akajaribu vipande kumi na viwili, jasho likimtoka mle gizani. Jumamosi iliyofuata Gidamis alitazama, akatikisa kichwa. "Huyu ni mbaya kuliko yule wa kwanza."

"Basi mimi ni mzembe!" Hermani akafoka. "Si ndivyo unavyotaka kusema?"

Gidamis alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sijasema hivyo," akasema taratibu, akivihesabu vile vipande mezani. "Mtu mzembe hafanyi kitu mara kumi na mbili. Njoo kesho na kamera yako."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa Hermani alitembea mpaka Gendabi. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na majani yalifika magotini. Ng'ombe walikuwa wamebanana kwenye kipande cha mbuga kilichobaki, maana tangu shamba lilipopanuka malisho yalikuwa yamegeuka ngano, na Hermani, mwenye mkate wake kutoka kwenye ngano hiyo, hakupenda sana kukutana na macho ya mwenyeji wake juu ya jambo hilo. Gidamis hakulitaja. Alisimama juu ya kichuguu akaegemea fimbo.

"Picha utapiga. Kwanza nionyeshe ng'ombe wangu yuko wapi."

Hermani akatazama. Aliwaona weusi, weupe, wa madoadoa, yule wa kijivu mwenye pembe moja. Akahesabu, kwa sababu kuhesabu anajua. "Hayupo. Amekwenda kunywa maji?"

"Yuko mbele yako." Gidamis akanyoosha fimbo. "Pale. Amelala."

Hermani akaifuata fimbo kwa macho mpaka mwisho wake na mbele zaidi. Aliona majani. Akainua kamera akidhani labda kioo kitamsaidia, akatazama ndani yake, akaona majani yaleyale, na kidole kikabonyeza chenyewe kwa mazoea. Kisha upepo ukaleta nzi, na kitu kikatingisha sikio. Pale, hatua ishirini, ardhi ikainuka ikawa ng'ombe.

Hermani akashusha kamera. Haikuwa Gendabi tena. Alikuwa Nambis, ana miaka tisa, jua linazama na anaita mpaka sauti inakauka.

"Unaona nyekundu ukiiweka peke yake," Gidamis alisema, akimtazama. "Ukiiweka ndani ya majani huioni. Wako watu hivyo. Mtoto wa kaka yangu yuko hivyo."

"Mnamfanyaje?" Hermani akauliza.

"Tunamfanyaje? Anachunga weupe na weusi. Wekundu wanachungwa na wengine."

"Hamumpigi?"

"Kumpiga kwa nini?" Gidamis akashangaa tena, mara ya pili katika siku mbili. "Amezaliwa na macho hayo."

Hermani akakaa chini kwenye majani akalia. Nasema wazi, alilia, mtu wa miaka thelathini na tisa, na suruali yake ya misa. Alimlilia yule mtoto ambaye alisema kweli na hakuna mtu mmoja aliyemsadiki, hata yeye mwenyewe. Kwa maana hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwa miaka thelathini alikuwa amekubaliana na baba yake. Gidamis alimpa mgongo, akashughulika kuangalia ng'ombe wake mpaka mgeni alipomaliza.

Alipoinuka alimpiga picha yule ng'ombe akiwa amesimama. Kabla hajaondoka, Gidamis alichomoa kisu, akanyoa nywele kidogo ubavuni mwa ng'ombe, akazifunga kwa uzi. "Chukua hizi. Atakayetazama kwa niaba yako aanzie hapa."

Atakayetazama kwa niaba yake hakuwa mbali. Perpetua alikuwa uani akipepeta mahindi.

"Mama Alfredi," Hermani alianza, akiwa bado hajaketi. "Zile picha za harusi ya Konsolata."

"Ndiyo."

"Zilikuwa kijani?"

Perpetua aliweka ungo chini. "Zote ni kijani. Tangu boksi jipya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Hermani akaketi. Akamweleza habari ya mbugani, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kulia. Na Perpetua akakumbuka nyanya. Miaka yote ya ndoa yao mume huyu akitumwa sokoni alileta nyanya mbichi, naye alidhani ni mambo ya wanaume, hawataki kuchagua. Alimcheka kwa hilo mbele ya wageni, siyo mara moja. Akaona aibu.

"Nisamehe," Hermani akasema. "Nilikujibu vibaya."

"Tumesameheana," akasema Perpetua, akaokota ungo. "Sasa Jumamosi nani atakaa na maji ya moto?"

Aliyekaa na maji ya moto alikuwa Alfredi. Perpetua alikuwa barazani kwenye mwanga wa mchana, mkononi ana kile kifungu cha nywele. Hermani anatoka gizani na kipande, anampa, anasubiri kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa hesabu. Mara ya kwanza akataka jibu papo hapo.

"Ngoja kikauke," Perpetua akamwambia. "Kikiwa na maji kinadanganya." Jambo hilo hata mzungu hakuliweka kwenye daftari.

Kikakauka. Akakilaza kando ya nywele. "Bado. Ni kijani, lakini si kama zamani. Punguza."

Hermani akapunguza wekundu kwenye mashine ili wekundu uongezeke kwenye picha. Kwake yeye vipande viwili vile vilikuwa pacha.

"Sasa umezidisha, amekuwa tofali." Akarudi. "Hapa umekaribia, lakini kuna manjano." Akarudi. Walikwenda hivyo mchana mzima, yeye akijua vifundo na mkewe akijua rangi. Kipande cha kumi na moja Perpetua alikilaza kando ya nywele, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akaziweka nywele juu ya picha, ubavuni mwa ng'ombe, akamwita Alfredi aje aseme zinaanzia wapi. Alfredi akainama, akasema hajui.

Hermani akaandika namba tatu kwenye daftari. Juu yake, mahali ambapo zamani angeandika jina la boksi, akaandika: Macho ya Perpetua.

Gidamis alipokuja aliichukua picha akatoka nayo juani. Alikaa huko. Hermani alibaki ndani, ameshika ukingo wa meza. Mzee aliporudi hakumtazama Hermani, alimtazama Perpetua, kwa sababu jicho lililochagua rangi ile halifichiki. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu ni wa mama." Akaitia picha kifuani chini ya shuka, akainywa chai yake yote, akaaga.

Ile nyingine, ya majani matupu, ambayo kidole kiliibonyeza kwa mazoea, Hermani aliisafisha mwisho kabisa, kwa namba zilezile, bila kujua kwa nini hasa. Perpetua akaitoa kwenye kamba. "Na hapa kwenye majani umempiga akiwa amelala. Ametulia." Hermani akaiangalia. Majani. Akaishika karibu, akaishika mbali. Majani. Jumatatu aliomba ruhusa ya siku tatu, jambo ambalo stoo ile haikuwahi kuliona.

Alipanda lori mpaka Dongobesh, akapata jingine mpaka Mbulu, akamalizia kwa miguu mpaka Nambis. Mzee Qamara alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake, na blanketi magotini. Miguu ilikuwa imekwisha kumkataa, mbugani hafiki tena, ila macho yake yalikuwa makali: alimtambua mwanawe tangu yuko ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuletea picha uione."

Mzee akaipokea. "Ng'ombe mzuri. Wa nani?"

"Yuko wapi, baba?"

"Yuko wapi? Si huyu mwekundu, amelala katikati." Akamtazama mwanawe kama anayepima kama kuna mzaha. "Unaniuliza mimi picha uliyoipiga wewe?"

"Mimi simwoni."

Wakati huo Patriki alikuwa akitoka zizini, mikono ina maziwa. Akainama juu ya bega la baba yake ili amsalimie kaka, jicho likaangukia picha. "Ng'ombe wa nani huyu amelala?" akauliza, wala hakungoja jibu, akaenda kunawa.

Mzee Qamara aliishusha picha magotini. Hermani akamweleza habari ya Gendabi, ya mtoto yule anayechunga weupe na weusi. Alikuwa amejiandaa kusema mengi zaidi. Njia nzima ndani ya lori alikuwa akiyapanga. Lakini alipofika kwa mtoto yule aliishia hapo.

"Mjomba wako Basili," mzee akasema polepole, kama anayevuta kitu kutoka chini ya kisima, "hakufuga ng'ombe mwekundu maisha yake yote. Mama yako alikuwa anamtetea. Sisi tulimcheka, tukasema ana maringo." Akaigeuza picha, akatazama mgongo wake mweupe, akaigeuza tena. "Siku ile nilikuuliza. Ukaniambia nini?"

"Nilisema sikumwona, baba."

"Ndivyo ulivyosema." Mzee akaipangusa picha kwa pembe ya blanketi. "Nami nikasema unaongopa. Nikasema mbele ya watu."

Mzee akamshika Hermani kidole, kile kidole cha mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akakiweka kwenye picha. Akakisogeza taratibu. "Hapa ni pembe. Huu mgongo. Hapa anakunja mguu. Mkia uko huku." Alikizungusha hivyo mara mbili, mpaka Hermani, asiyeona kitu ila majani, akamjua ng'ombe yule kwa kidole.

Kisha mzee akainua kichwa akaita kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miaka.

"Patriki! Nenda kaniitie Sebastiani. Mwambie aje sasa hivi, na wale wote waliokuwapo ambao bado wako hai waje. Nina picha nataka waitazame."